Kipande cha Kanga Sandukuni

Dutwa, Jumamosi alasiri

Doto mwanangu,

Kipande cha kanga nilichofungia barua hii unakijua. Nimekitoa sandukuni mwako mchana huu, wakati wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi. Sikuwa napekua. Nilitaka kulifunga sanduku kwa kamba maana kufuli lake lilishakufa, nikaona kifuniko hakishuki, nikafungua ili nipange vitu upya. Kilikuwa chini ya sketi yako ya bluu, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Kwa hiyo unakipeleka kwa masista. Una miaka ishirini, kesho asubuhi unapanda basi kwenda kumtumikia Mungu, na bado unakusudia kuufunga mguu wako kitandani kila usiku asije akauchukua.

Mambo ya sabuni, vidonge vya malaria na namna ya kuwaamkia wakubwa, mama yako ameshayasema na atayarudia stendi. Mimi nina jambo moja tu, na si zuri. Kulisema kwa mdomo nimeshindwa miaka yote, ndiyo maana naliandika, na nitakupa kabla jua halijazama ili usome ukiwa unaona. Usitafute baba mwema humu ndani. Hayumo.

Mlikuwa na miaka mitatu, wewe na Kulwa, homa ilipowaangusha wote wawili siku moja. Huku kwetu hapakuwa na zahanati. Mama yenu nilimpakia kwenye baiskeli, wewe mgongoni kwake, Kulwa nikamfunga kifuani kwangu, tukaelekea misheni. Mtoni tukakuta maji yamejaa. Tulikaa ukingoni tangu asubuhi mpaka jua la utosi tukingoja yapungue. Wewe ulikuwa umeacha hata kulia, na mwenzako macho yalikuwa yamegeuka. Nikasimama nikasema kwa sauti, mama yenu akinisikia, "Mungu, niachie hawa watoto. Nitakupa mmoja."

Mama yako akaniuliza, "Yupi?"

Nikamjibu, "Tutaona."

Hayo ndiyo maneno yenyewe yalivyokuwa, yote. Katika nadhiri ile hapakuwa na jina. Miaka kumi na saba nimekwambia kwamba nilikutaja wewe, kwamba Mungu alikuacha hai kwa sharti la kwenda kwake, na kwamba mguu wako wa kulia aliubakiza yeye kama alama asije akakusahau. Nilikudanganya. Mama yako anajua, na amenyamaza kwa sababu ananiogopa.

Sasa nikwambie ilikuwaje ukawa wewe. Unajua kazi niliyokuwa nayo kwenye ghala la chama cha ushirika. Wakulima walileta pamba, mimi nilisema hii ni safi na hii ni fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, iliyochambuliwa. Fifi ni ile yenye madoa, iliyoingiwa na funza au kunyeshewa. Wajanja walikuwa wanajaza fifi chini ya gunia kisha wanaweka safi juu, na mimi nilikuwa natumbukiza mkono mpaka kwapani, natoa ya chini kabisa, naiweka mbele ya mwenyewe bila kusema neno. Wazee wa heshima wamewahi kuinama mbele yangu kwa aibu. Nilikuwa naifurahia sana aibu ile.

Maji yalipopungua tulivuka, mkatibiwa misheni. Mlipopona, Kulwa alirudi kukimbia na wewe ukarudi kutambaa. Masista wa zahanati walisema ni ugonjwa wa kupooza, uliwapata watoto wengi mwaka ule. Mimi nikakaa uani nikawatazama nyote wawili kwa jicho lilelile la ghalani. Kulwa nikamweka upande wa mahari. Wewe nikakuweka upande wa Mungu. Niliona hakuna atakayeniletea hata ndama kwa ajili ya msichana anayeburuta mguu, na nadhiri lazima ilipwe na kitu fulani. Ilinichukua muda mfupi kuliko kukagua gunia moja.

Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kama unataka kuiweka barua chini upumue, weka.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa kukutia hofu, maana nilihofia ukikua utakataa. Ulipokuwa na miaka saba ulianguka ukicheza, jino likatoka. Lilikuwa jino la utoto, lingetoka lenyewe wiki ileile. Ulinijia ukilia, damu mdomoni, nikakwambia, "Unaona? Ulisahau sala ya asubuhi. Ameanza na jino. Mguu uliobaki anauona." Usiku ule ndipo ulipoanza kuufunga. Nilikuona mwenyewe. Nilipita na taa nikakuona umelala chali, mguu mzima umefungwa kwenye mti wa kitanda kwa kipande hiki cha kanga ya mama yako. Baba mwingine angekifungua. Mimi nilisimama pale mlangoni nikaridhika, nikaenda kulala, na nikalala vizuri.

Usifikiri kwamba mimi nilimwabudu Mungu kwa namna nyingine. Nilimpa kile kilichotosha asinipige. Nilisikia kwamba misa inahesabika ukifika kabla ya Injili, basi nilikuwa nafika Injili inaanza, na baada ya komunyo nilishatoka nje kuangalia baiskeli. Kwaresima nilifunga siku zilizoamriwa na sikuongeza hata moja. Watu wa kigango wakaniona mtu wa dini, wakanipa na uzee wa kanisa. Nilimjua Mungu kama wakulima walivyonijua mimi: mkono unaoingia guniani mpaka chini. Na kama wao, nilitafuta namna ya kuuepa.

Sikukuu ya mavuno unaikumbuka, mlipokuwa na miaka kumi na miwili. Kila kaya ilipeleka kapu la pamba altareni. Mimi, mkaguzi wa pamba wa Dutwa nzima, nilijaza kapu letu fifi nikafunika kwa safi juu. Niliona padri hatatumbukiza mkono. Asubuhi nikalinyanyua kapu nikaona uzito si ule nilioujua, nikatumbukiza mkono kwa mazoea, nikatoa pamba nyeupe tupu kutoka chini kabisa. Ilikuwa ile nzuri niliyoiweka pembeni, iliyochambuliwa na Kulwa mwenyewe. Alikuwa ameamka kabla yetu akaibadilisha.

Nilimchapa kabla ya kwenda kanisani. Ulikuwepo, uliona. Lakini maneno hukuyasikia, kwa sababu ulikuwa umekimbilia jikoni ukiziba masikio. Nilimuuliza kama amefanya vile kwa kumwogopa Mungu, nikidhani nitamsikia akisema ndiyo, na hapo ningekuwa na la kumwambia. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Nimwogopeje, Baba? Nilikuwa namgawia tu," alisema. "Kama ninavyomgawia Doto."

Nikamwongeza fimbo mbili kwa hilo jibu. Sikujua kwa nini lilinikera hivyo. Leo najua. Mwenzako alikuwa anakupunguzia nyama kwenye sahani yake, anatembea polepole kwenda shule ili mfike pamoja, na hakuna aliyemwamuru. Na kwa Mungu alikuwa hivyohivyo, bila kujiuliza ni kiasi gani kinatosha. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa anajua kitu ambacho mimi mzee wa kanisa sikuwahi kukionja hata siku moja, na nilimchapa kwa sababu kilikuwa ndani ya nyumba yangu na si changu.

Halafu yule fundi baiskeli wa pale senta. Nilikwambia kwamba alikuja kuulizia baiskeli yangu. Alikuja kukuomba wewe. Alikuja na mjomba wake, wakakaa kwenye vigoda kwa adabu, wakasema wameuona mguu na si tatizo. Hapo nilipaswa kufurahi, kwa sababu hesabu yangu yote ilikuwa kwamba hutakiwi na mtu. Badala yake nilishtuka. Ukiolewa wewe, nadhiri ingebaki wazi, na mwenye kuijaza angekuwa Kulwa, ambaye ng'ombe wake nilishaanza kuwapangia zizi. Niliwafukuza. Jioni yake nikakukuta unaimba, maana ulikuwa umemwona akipita, nikakwambia kuna watu wanacheka huku mguu wao wa pili unatafutwa. Ukanyamaza. Fundi yule alioa mwaka jana. Hilo nimelifanya mimi na halirudi nyuma.

Mwaka ule alipokuja kukuomba ndipo walipoanza kuja wanunuzi binafsi na malori yao. Chama kikalala, ghala likafungwa, kufuli likaota kutu. Nilikwenda siku ya kwanza kando ya barabara kuona wanavyokagua. Hawakukagua. Watu wamemwagia pamba maji, wengine wametia mchanga, na kijana wa lori anapokea tu. Nilimwonyesha gunia moja nikamwambia hii chini ni fifi tupu. Alicheka kidogo akasema, "Mzee wangu, tupia yote. Siku hizi ni soko huria." Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiikokota baiskeli. Nilikuwa nimewavunja watu miaka ishirini kwa kutenganisha vile vitu viwili, nimewatenganisha hata wanangu, na sasa vilikuwa vinapakiwa pamoja kwenye lori moja.

Ungedhani hapo ningejifunza. Wiki chache baadaye walikuja watu wa Binza, wenye duka, kumposa Kulwa. Siku moja kabla ya ng'ombe wa mahari kuletwa alinifuata zizini, akapiga magoti kama anavyoamkia, akasema yeye ndiye anayetaka kwenda kwa masista. Alisema amelitaka tangu utotoni na hakuthubutu kulisema kwa sababu lilikuwa limeshawekwa kwako. Aliniambia wewe hutaki, unaogopa tu, na akaniomba nibadilishe.

Nilimjibu, "Kulwa, wewe una miguu miwili."

Akainuka, akapangusa magoti, akaenda kusaga. Hakuniomba tena. Bati unalolala chini yake limetokana na ng'ombe wale.

Sasa unaelewa nilichokifanya. Aliyempenda Mungu nimempeleka kwenye duka la mume Binza, na aliyemwogopa Mungu nampeleka kwa Mungu. Kama ningekaa kutafuta njia ya kuwakosea nyote wawili kwa mpigo mmoja nisingeipata nzuri zaidi ya hii.

Ningeweza kufa nayo. Nilikuwa nimejiandaa kufa nayo. Kilichonishinda ni lile swali lako la Jumatano. Ile barua ya masista ya kukupokea ilipokuja, mama yako alipiga vigelegele, wewe ukaja nilipokuwa nakarabati mpini wa jembe. Ulinyenyekea, ukasubiri nimalize kugonga. Kisha ukauliza.

"Inatosha, Baba? Nikienda, ataacha?"

Nilikwambia nenda kamsaidie mama yako. Hiyo ndiyo huruma niliyokuwa nayo siku ile. Lakini swali halikunitoka. Miaka yote nilikuwa nalo mimi mwenyewe, nikilipeleka kanisani kila Jumapili na kurudi nalo: inatosha, ataacha? Sikuwahi kulisikia likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Lilikuwa baya. Nilikurithisha kitu kimoja tu katika maisha haya na ndicho hicho.

Jibu lake ni hili. Haitoshi, Doto, na haitatosha. Utavaa shela jeupe, utaamka kabla ya kengele, utapiga magoti mpaka yaote sugu, na kila usiku utajiuliza tena. Mtu akimpa mwenzake kitu kwa kuogopa kupigwa, hamalizi kamwe, kwa sababu hofu haina mahali inaposema sasa basi. Mimi nina miaka hamsini na saba na sijawahi kutoka kanisani nikiwa nimemaliza. Dada yako alimaliza siku ileile ya kapu, akiwa na alama za fimbo miguuni, akaimba misa nzima. Nilimwona. Nilikuwa mlangoni karibu na baiskeli.

Siwezi kukufundisha kumpenda Mungu. Ningejaribu, ungeniona mwongo, na ungekuwa sahihi. Muulize Kulwa leo jioni, maadamu amekuja kukuaga, mkiwa mnapika. Nami nimeshamuuliza. Mlipoondoka alibaki kwa sababu mtoto wake alikuwa amelala, nikamkuta barazani anachambua ile pamba yetu ya mwisho, anaitenga safi na fifi ingawa hakuna anayejali tena. Nilimwonyesha hiki kipande. Akakishika akakigeuza.

Aliniambia ni yeye aliyekichana kwenye kanga. Hilo sikulijua. Alisema ulikuwa huliamini fundo peke yake, kwa hiyo alikuwa anakufungia, kisha anaushika mguu kwa mikono mpaka usinzie, na asubuhi anafungua kabla sijapita. Alifanya hivyo miaka kumi na moja, mpaka nilipomwoza. Nilikaa karibu naye. Nilimwambia nitakuandikia yote. Akauliza kama na yale maneno ya mtoni nitayaandika, kumbe mama yenu alishamweleza. Nikasema nitayaandika.

Halafu nikamuuliza jambo ambalo sikuwa na haki ya kuuliza. Nikamuuliza kama sasa, baada ya yote niliyomfanyia, naye anamwogopa Mungu.

"Yeye bado namgawia, Baba," alisema. Akaendelea kuchambua. "Wewe ndiye sijapata cha kukugawia."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeivumilia, naijua. Mtoto akalia ndani, akainuka akaenda. Nikabaki na kapu la safi upande huu na la fifi upande ule, nikaja kuandika.

Kesho basi linapita asubuhi. Sanduku limefungwa na liko karibu na mlango. Ukitoka na viatu vya safari nitalibeba mpaka barabarani, na sitasema neno la baraka kwa sababu utakuwa unaijua thamani yake. Ukitoka na kanga kiunoni uelekee shambani, nitalifungua mwenyewe na kurudisha nguo ukutani, na masista nitawaandikia mimi. Watu wa kigango watauliza, nitawajibu mimi. Nadhiri ile niliitamka kwa mdomo wangu bila kukuuliza na bila jina, kwa hiyo inanitafuta mimi. Kama kuna fimbo, ije ipige hapa. Usiende kwa ajili yangu. Wala usibaki ili kunikomoa, maana hilo nalo ni kunitii. Kama ndani yako kuna hata kidogo tu cha kumgawia Mungu, hata kama kimejificha chini kabisa chini ya hofu yote niliyokujaza, hicho ni chako, hakikutoka kwangu, na utajua mwenyewe ukipeleke wapi.

Sikuombi unisamehe. Nimeona leo jinsi inavyokuwa mtu akiombwa kitu ambacho hana.

Naona mnarudi. Mama yako ametangulia na wewe uko nyuma, unatembea ukiangalia chini, unachagua pa kukanyagia. Kwa hiyo nimalizie na lile ambalo baba anapaswa kumwambia mtoto wa miaka saba anayelia na damu mdomoni, nimechelewa miaka kumi na mitatu. Lile lilikuwa jino la utoto. Mguu wako wa kulia uliharibiwa na ugonjwa, ugonjwa tu, uliopita vijijini mwaka ule. Hakuna aliyeuchukua. Na huu wa pili hakuna anayeutaka, hakuna aliyewahi kuutaka, isipokuwa mimi niliyekwambia hivyo ili unitii.

Hicho kipande kitie motoni jikoni, au mpe Kulwa amfutie mtoto pua. Usiku wa leo usiufunge mguu, mwanangu. Lala tu.

Baba yako